Harusi ya Tangazo

Mkono mtupu haulambwi, na Fred Oyugi hakuja mikono mitupu. Jumapili hiyo alishuka kwenye pikipiki mbele ya boma la Mzee Nyangau, nje kidogo ya mji wa Nyamira, akiwa na kreti ya soda, blanketi la Mzee na leso mbili za Mama. Pikipiki ya pili ilimleta Akumu, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Msafara ungeongozwa na mjomba wao, lakini mjomba alikuwa amemaliza maneno kwa simu kutoka kwao Ujaluoni, kule ziwani. "Unaenda kuoa kwa Wakisii? Nenda na miguu yako mwenyewe." Basi Fred akaja na miguu yake na ya dada yake.

Gesare, binti wa Mzee, alimwona kupitia dirisha la jikoni. Fred alikuwa amevaa lile shati jeupe ambalo Gesare mwenyewe alimchagulia mjini Kisii, na alikuwa akifuta matope kwenye viatu kwa jani la mgomba. Wanasema mapenzi ni kipofu. Ya Gesare yalikuwa na macho, tena makubwa na mazuri, ila yalitazama upande mmoja tu.

Walikutana kazini, katika kampuni ndogo ya utalii yenye ofisi juu ya duka la mbegu mjini Kisii. Gesare alikuwa akijibu wageni na kuandika maneno ya matangazo. Fred alikuwa akipiga picha na video. Kazi yao wote wawili ilikuwa kumfanya mtu aliyeko mbali atamani Maasai Mara hata kabla hajajua iko wapi. Gesare akiandika "twiga hutembea kana kwamba hana deni na mtu", Fred anacheka, anamtazama, anasahau kuangalia mbele ya kamera. Kutazamana huko ndiko kulikomponza msichana wa watu. Kwa miaka miwili alikuwa amekataa kila aliyeletwa na shangazi zake, na leo ndiyo ilikuwa siku ya baba yake kusema ndiyo au hapana. Akinyimwa Fred, alijiambia, angeishi, ndiyo, lakini angeishi kama watu wanavyokula chakula kisicho na chumvi.

Lakini kulikuwa na kitu kilichokuwa kimemtangulia Fred kuingia nyumba ile. Kilikuwa kimeingia siku ya Jumatano, kupitia simu.

Hakuna aliyeipokea kreti ya soda. Iliachwa barazani, juani. Fred alilitambua hilo na akajifanya hajalitambua. Wageni walikaribishwa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufumwa, na wakakaa mpaka Gesare alipoingia na uji wa wimbi. Ile ni nyumba ya Wasabato waliolima majani chai maisha yao yote na hawajawahi kunywa chai hata kikombe, maana kanisa lao huikataza. Gesare alimtilia Fred, akampa kikombe kwa mikono miwili. Vidole vyao viligusana kidogo. Fred alimkonyeza. Ndiye aliyekuwa na furaha peke yake chumbani.

"Karibuni," akasema Mzee Nyangau. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kwa ajili ya wageni aliongea Kiswahili. "Mmetoka mbali."

"Asante, Mzee," Akumu akajibu kwa adabu. "Tumekuja kwa roho safi. Ndugu yangu ameona ua kwa hii boma yenu. Anaomba."

"Ua," akasema Mama Bathsheba, mke wa Mzee.

Mama huyu hakuwa na maneno mengi, ila aliyokuwa nayo aliyanoa. Alichomoa simu kifuani, akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe, akaibonyeza. Muziki ukaanza.

Gesare aliujua muziki ule. Alijua kila kitakachofuata, maana maneno alikuwa ameyaandika yeye. Shamba la majani chai asubuhi. Bibi harusi anatembea katikati ya mistari ya kijani, shanga shingoni, uso umeinama. Bibi harusi ni yeye. Kisha bwana harusi anapiga magoti na kumvisha miguuni pete za chuma, moja baada ya nyingine, taratibu, huku kamera ikipanda kutoka miguuni hadi machoni mwake yanayong'aa. Halafu, kufumba na kufumbua, nyumbu, twiga, hema jeupe kando ya mto, mvinyo, na sauti ya Gesare mwenyewe ikisema kwa upole: "Oana kwa baraka za Wagusii. Kula fungate Mara."

Kwa Wagusii, ndio Wakisii wenyewe, pete zile huitwa ebitinge. Bibi za akina Gesare walizivaa siku ya harusi, na aliyevishwa alikuwa amefungwa kwa mumewe hata wakigombana vipi. Kanisa lilipokuja ziliachwa, lakini kuacha si kusahau. Hizo za kwenye tangazo zilikuwa zimekunjwa na fundi mmoja wa Nyakoe kwa waya wa uzio. Kwa mgeni wa Ulaya anayetafuta likizo zilikuwa pambo. Kwa mtu wa Nyamira zilikuwa ndoa.

Na hata hilo lingesameheka. Watu wangecheka siku moja wakanyamaza. Tatizo lilikuwa bwana harusi.

"Huyu anayepiga magoti," Mama akauliza, akiigandisha picha kwa kidole, "ni nani?"

"Ni Osoro, Mama," Fred akasema. "Dereva wetu wa safari. Kijana mzuri sana."

"Najua ni mzuri. Nilimkanda mgongo akiwa mchanga. Baba yake ni Nyakundi. Nyakundi na huyu mzee wangu babu yao ni mmoja. Huyo Osoro akifa, mzee wangu ndiye anakaa mbele kwa matanga. Umenielewa, kijana?"

Fred aliweka kikombe chini. "Nimeelewa, Mama."

"Hujaelewa. Umemwoza msichana wangu kwa kakake, na dunia nzima inaangalia."

Akumu alimgeukia ndugu yake polepole. Ilikuwa dhahiri hakuwa ameambiwa jambo hilo.

Mzee Nyangau alikohoa. "Jana Sabato nilisimama kusoma neno," akasema. "Vijana wa nyuma wakaanza kucheka. Nikadhani nimefunga vifungo vibaya. Baada ya ibada mmoja akaniuliza, mbele ya watu, 'Mzee, hiyo mahari, ng'ombe walitoka kwa boma lako wakaingia boma gani?'" "Miaka yangu yote sijawahi kuulizwa swali nikakosa jibu."

Gesare alitamani ardhi immeze. Alisimama pale na birika la uji, maana msichana anayeposwa hakai, na wala hasemi. Alimtazama Fred, akimwomba kwa macho, sema samahani, mpenzi, sema tu samahani, hawa ni watu wa kusamehe.

"Mzee, niseme ukweli," Fred akaanza. "Yule model tulikuwa tumekodi alikwama Keroka, mvua. Jua ilikuwa inaenda. Osoro alikuwa hapo, amevaa vizuri. Ilikuwa ni kazi ya dakika chache."

"Na wewe?" Mama akauliza. "Wewe hukuwa hapo?"

"Mimi ndio nilikuwa na kamera."

"Hiyo kamera haina miguu ya kusimamia?"

"Iko nayo, lakini..."

"Lakini nini?"

Fred alijikuna shingo. "Wenye loji kule Mara, ndio walilipia tangazo, walitaka Mkisii. Sura ya hapa. Walisema mimi nitaonekana sio wa hapa."

"Na ukakubali," akasema Mama. "Ulipoambiwa hufai kuwa bwana ya msichana wangu hata kwa mchezo, ukakubali. Leo umekuja kuniambia unafaa kwa ukweli."

Maneno hayo yalimwingia Gesare kuliko yalivyomwingia Fred. Hakuwa amejua. Fred alikuwa amemwambia ni mwanga tu, ni haraka tu. Kumbe kulikuwa na mtu aliyesema Fred hafai, na Fred akaitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi.

Mzee aliinua mkono, mkewe akanyamaza. "Sisi si watu wa kufukuza mgeni," akasema. "Huyu msichana anakupenda. Mama yake hataki kusikia hiyo, lakini mimi nina macho. Kwa hivyo sikia, kijana. Mambo ya wewe kuwa Mjaluo, sitauliza. Mambo ya mjomba wako kukataa kuja, sitauliza. Ng'ombe tutaongea siku ingine. Mimi nataka kitu moja. Toa hiyo tangazo kwa mtandao. Najua wengine wameshaitumiana, hao Mungu atawaona. Lakini yako, ile kubwa, itoe sasa, nikiona. Ukitoa, nitakupa mkono."

Gesare nusura acheke kwa furaha. Hivyo tu! Usiku kucha alikuwa akilia kwa ajili ya jambo ambalo kidole kimoja kingelimaliza! Akamwangalia Fred akingoja aingize mkono mfukoni.

Fred hakuingiza mkono mfukoni.

"Mzee," akasema, "nashukuru sana. Nitatoa. Nipe tu mpaka Alhamisi ipite."

"Alhamisi kuna nini?"

"Kuna maonyesho ya utalii Nairobi. Mawakala wanatoka nje, Ujerumani, Uholanzi. Loji imechagua hii video yangu iwe ndiyo ya kuonyeshwa, na wanaiangalia hapo hapo kwa mtandao. Yangu, Mzee! Wakiipenda, nitapewa kazi ya mwaka mzima. Hata hii ndoa nitaifanya vizuri. Nikitoa saa hii nimejimaliza."

"Fred," Akumu akasema, "toa hiyo kitu."

"Akumu, huelewi hii kazi."

"Naelewa mzee wa watu anakuomba. Toa."

"Siku chache tu! Hao wazungu hawajui Osoro ni nani. Kwao ni harusi tu, inapendeza. Nani Ujerumani atauliza babu yao ni mmoja?"

Mzee Nyangau aliegemeza mgongo kwenye kochi, na mtu angedhani amezeeka hapo hapo.

Birika lilikuwa zito mikononi mwa Gesare, akaliweka chini. Alijua hapaswi kusema neno. Mama yake alikuwa amemwonya asubuhi, na shangazi zake walikuwa wamemwonya maisha yake yote. Akasema.

"Nilikuambia."

Wote wakamgeukia.

"Uliniambia nini, mpenzi?" Fred akauliza, na lile neno mpenzi mbele ya baba yake lilimfanya Mama Bathsheba afumbe macho.

"Nilikuambia Osoro ni kaka yangu. Nilikuambia tukiwa kwa gari. Nikakuambia tena nikiwa nimeshavaa shanga. Osoro mwenyewe alikuambia, akasema anaona aibu kunishika mguu."

"Na mimi nikasema ni picha tu. Ukakubali."

"Nilikubali kwa sababu ni wewe uliniomba. Ungeniomba niingie mto wa mamba kule Mara ningeingia, mradi ni wewe umeshika kamera." Alimkazia Fred macho. "Nilijiambia, Fred anajua anachofanya. Fred hawezi kuniweka mahali pa aibu."

"Gesare, usifanye hivi mbele ya watu."

"Sijafanya kitu. Nauliza swali moja tu." Alimwonyesha Akumu kwa macho. Akumu alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, uso umekunjamana kwa huzuni. "Hiyo siku, kama nisingekuwa mimi. Kama angekuwa Akumu. Jua linazama, model amekwama, na aliyebaki ni kijana wa mjomba wenu. Ungempigisha magoti mbele ya Akumu, aoneshwe dunia nzima kama mume wake?"

Fred alijibu upesi, jinsi mtu anavyojibu akiulizwa jina lake.

"Akumu? Ah, hapana! Dada yangu siwezi weka kwa kitu kama hiyo. Nyumbani wangenimaliza."

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe.

Maji yakimwagika hayazoleki. "Sikumaanisha... Gesare, sikiza. Nilikuwa nataka kusema..."

"Ulisema vizuri," Gesare akamwambia. "Kiswahili yako imenyooka."

Mama Bathsheba, ambaye tangu Jumatano alikuwa akimtafutia Fred neno la kummaliza, aligundua halihitajiki tena. Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alimtazama bintiye amesimama katikati ya chumba na gauni lake la kuposwa, akanyoosha mkono kumshika. Gesare akausogeza mkono ule kando, bila hasira.

Akumu alisimama. Alikuwa mwanamke wa heshima na alijua mahali palipokwisha maneno. "Baba, Mama, mtusamehe," akasema. "Huyu nimemlea mimi. Nilimfundisha kunilinda mimi. Nilisahau kumfundisha kulinda wengine." Kisha akamwambia ndugu yake neno moja kwa Kijaluo, na Fred akanyanyuka.

Walitoka. Waliokaa ndani walisikia nyayo barazani, zikasimama, zikarudi kidogo, zikasimama tena. Gesare alikuwa ameapa moyoni hatachungulia. Akatoka hadi mlangoni.

Fred alikuwa katikati ya uwanja, amezipa pikipiki mgongo. Macho yalikuwa yamemwiva. Alikuwa na simu mkononi na alikuwa akikosea kubonyeza.

"Tazama!" akamwita. "Gesare, tazama! Naitoa! Mzee, njoo uone!"

Mzee Nyangau akaja akichechemea na kusimama kando ya bintiye. Fred aliinua simu juu ili waione. Akabonyeza, akabonyeza tena palipouliza kama ana uhakika. Harusi ikatoweka. Mahali ilipokuwa pakabaki weupe mtupu. Hapo hapo simu ikaanza kulia, na jina la mtu wa loji likaonekana, na Fred akaikata. Ikalia tena, akaikata tena. Kazi ya mwaka ilikuwa imekwenda, na kila aliyekuwa pale alijua imekwenda.

"Imeisha," akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, mwanaume mzima, mbele ya waendesha pikipiki. "Sina kitu ingine, Gesare. Sina kazi, sina Nairobi, sina Alhamisi. Nina wewe tu. Nakupenda. Sema kitu."

Mzee Nyangau alishuka ngazi za baraza. Alikuwa mtu wa neno lake, hata lilipomuuma. "Nimeona," akasema. "Nilisema ukitoa nitakupa mkono. Neno langu ni moja. Rudi ndani, kijana." Na akanyoosha mkono.

Nyuma yake Mama Bathsheba alifoka kwa Ekegusii, lugha ya kwao, lakini Mzee hakugeuka.

Hapo ndipo Gesare alipopata alichokuwa amekiombea miaka miwili. Baba amekubali. Mkono umenyooshwa. Mwanaume anayempenda amesimama mbele yake na machozi, shati jeupe, hana kitu ila yeye. Kilichobaki ni Gesare kutabasamu. Alilitafuta tabasamu lile, kwa kweli alilitafuta, maana alikuwa bado anampenda na hilo halikuwa limepungua hata kidogo. Ndiyo iliyokuwa shida. Angempenda hivi hivi, na kila atakapoomba angempa, na kila atakapompa angekumbuka kwamba kuna mwanamke mmoja duniani ambaye Fred hawezi kumweka mahali pa aibu, na si yeye.

"Gesare?" Fred akanong'ona.

Akamtazama usoni muda mrefu, macho yale yale yaliyokuwa yakisahau kamera kwa ajili yake.

"Ungeiacha tu hiyo video, Fred," akamwambia kwa upole. "Nilikuwa nimependeza."

Akageuka, akaingia ndani. Mzee Nyangau alibaki amenyoosha mkono bila kujua aufanyie nini, kisha akaurudisha mfukoni.